Chanjo ya majaribio kwa saratani iliyosambaa: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Wengi wetu tukisikia neno chanjo humwona mtoto mwenye afya akichomwa sindano ili asipatwe na surua au polio. Kwa hiyo mgonjwa ambaye saratani yake imekwisha kusambaa, akielezwa kwamba anaweza kuingia katika majaribio ya chanjo, ana haki ya kuuliza: nikingwe na nini tena, ilhali ugonjwa ninao tayari?

"Chanjo hukinga, haitibu"

Kauli hii ni kweli kwa chanjo tulizozizoea. Chanjo ya virusi vya HPV, iliyoanza kuidhinishwa mwaka 2006, na ile ya homa ya ini aina ya B huzuia virusi vinavyoweza kusababisha saratani, lakini haziondoi saratani iliyokwisha kuota. Chanjo ya tiba hupewa mtu ambaye tayari anaumwa, na kazi yake ni kuifundisha kinga ya mwili itambue alama fulani ya seli za saratani, yaani antijeni, kisha izishambulie seli hizo. Ugumu unaanzia hapo. Kirusi ni mgeni na kinga humtambua upesi, lakini seli ya saratani imezaliwa ndani ya mwili wenyewe, na nyingi ya alama zake ni zile zile za seli salama. Uvimbe uliokomaa nao huwa umejifunza kujihami: baadhi ya seli zake huacha kuonyesha alama inayowindwa, na nyingine hutuma ishara za kuzilegeza seli za kinga zinazousogelea.

"Ikishafika kwa binadamu, basi imethibitishwa"

Dhana hii ndiyo inayoniumiza zaidi, kwa sababu hubebwa na watu walio katika hali ngumu kuliko wote. Awamu ya kwanza ya majaribio hutafuta usalama na kiwango cha dozi, ya pili hutafuta dalili za kwanza za manufaa, na ya tatu huilinganisha dawa na tiba iliyopo kwa wagonjwa wengi. Njiani humo nyingi huanguka. Mwaka 2004 Steven Rosenberg na wenzake, wa Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, walichapisha mapitio ya wagonjwa wao 440 wenye saratani iliyosambaa waliopewa chanjo mbalimbali, na waliopungukiwa na uvimbe kwa kiwango kinachohesabika walikuwa asilimia 2.6 tu. Miaka kumi baadaye, chanjo iliyolenga antijeni ya MAGE-A3, iliyojaribiwa kwa wagonjwa zaidi ya 2,000 waliokwisha kufanyiwa upasuaji wa saratani ya mapafu, haikuonyesha faida iliyotarajiwa. Kipimo cha damu kinaweza kabisa kuonyesha kwamba kinga imeamka, na bado ugonjwa ukaendelea.

"Uvimbe usipopungua, chanjo imeshindwa"

Hapa jibu si jepesi. Mwaka 2010 Marekani iliidhinisha chanjo ya tiba iitwayo sipuleucel-T kwa wanaume wenye saratani ya tezi dume iliyosambaa na isiyosikia tena tiba ya homoni. Mgonjwa huunganishwa na mashine kwa saa tatu au nne, damu yake ikichujwa ili kuvuna seli za kinga na iliyobaki ikirudishwa mwilini. Seli hizo hupelekwa kiwandani na kuchanganywa na protini yenye alama ya tezi dume, kisha hurudi zikiwa na uhai wa saa 18 tu, na muda huo ukipita hazitumiki. Haya yote hufanyika mara tatu, kila baada ya wiki mbili hivi. Katika utafiti wa wanaume 512, nusu ya waliopewa chanjo walikuwa bado hai baada ya miezi 25.8, ilhali katika kundi lingine nusu hiyo ilifikiwa kwenye mwezi wa 21.7. Hata hivyo uvimbe haukupungua isipokuwa kwa nadra sana. Miezi minne si kupona, na anayeiita kuponya anawakosea wagonjwa. Lakini si haki pia kuidharau mbele ya mtu anayeihesabu siku kwa siku.

"Nitapewa maji matupu niachwe nife"

Katika majaribio mengi ya saratani, kundi la kulinganisha hupata tiba ya kawaida iliyopo. Katika utafiti huo wa tezi dume, wawili kati ya kila watatu walipewa chanjo, na wale wengine, ugonjwa wao ulipoendelea, waliweza kupewa matibabu yaliyotengenezwa kwa seli zao zilizohifadhiwa kwenye baridi kali. Kwa mujibu wa Azimio la Helsinki, mwongozo wa kimataifa wa maadili ya utafiti wa kitabibu uliopitishwa kwanza mwaka 1964, ridhaa ya mgonjwa ni sharti, na anaweza kujitoa bila kunyimwa huduma. Lakini utafiti una lengo lake la kwanza, nalo ni kupata jibu litakalowafaa wagonjwa wajao, na daktari anayelificha jambo hilo haombi ridhaa ya kweli.

Kuhusu hofu kwamba sindano itaongeza saratani: chanjo hizi hubeba vipande vya antijeni, maelekezo ya kuvitengeneza, au seli zilizopigwa mionzi zisiweze kugawanyika. Homa, baridi na uchovu ndivyo vinavyotokea mara nyingi, ingawa madhara makubwa yapo pia, hasa chanjo inapounganishwa na dawa nyingine za kuamsha kinga.

"Chanjo ya saratani imekwisha kupatikana"

Habari hizi zilivuma Desemba 2022, kufuatia utafiti wa wagonjwa 157 wa saratani ya ngozi aina ya melanoma. Chanjo ya mRNA, yaani inayobeba maelekezo ya kutengeneza antijeni, iliyotengenezwa kwa kila mgonjwa kufuatana na vinasaba vya uvimbe wake, ikiambatana na pembrolizumab, dawa ya kuamsha kinga, ilipunguza hatari ya ugonjwa kurudi au kifo kwa asilimia 44, ikilinganishwa na dawa hiyo peke yake. Ni matokeo ya kutia moyo sana. Ila wagonjwa hao uvimbe wao ulikuwa umekwisha kuondolewa kwa upasuaji, na kinga yao iliwinda mabaki. Mwenye uvimbe ulioenea kwenye ini na mifupa yuko katika vita tofauti, kwa hiyo kabla ya kutia saini aulize: utafiti uko awamu ya ngapi, unapima nini, ni tiba gani atalazimika kuisimamisha ili aingie, na homa ikimpanda usiku wa manane, ni nani wa kumpigia simu.