Kuku wa Pili: Namna ya Kusoma Kitabu cha Evans-Pritchard Juu ya Wazande

Msomaji wa Kiswahili akifungua Witchcraft, Oracles and Magic among the Azande hukwazwa na neno moja mapema sana: uchawi. Kwetu mchawi anaweza kuwa amezaliwa nao, amerithishwa na bibi yake, au amenunua dawa akaifukia mlangoni kwa jirani. Yote ni uchawi, na kitenzi ni kile kile, kuroga. Wazande, watu wa Afrika ya kati ambao kitabu kinawahusu, hawayaweki kapu moja. Mangu ni kitu cha mwilini, kimo tumboni, mtu huzaliwa nacho: mwanamume hukirithi kwa baba, mwanamke kwa mama. Hakitaki dawa wala maneno, na mwenye nacho huenda asijue kwamba kimemdhuru mtu. Dawa ni ngua, na dawa mbaya ni shauri lingine kabisa. Basi usilitafsiri mangu. Liache lilivyo mpaka mwisho wa kitabu, maana ukiweka "uchawi" mahali pake, sura ya kuuliza kama wenye mangu hujijua itakupita bila kuielewa.

E. E. Evans-Pritchard, mwanaanthropolojia Mwingereza, alikaa na Wazande wa kusini mwa Sudan (leo Sudan Kusini) kwa jumla ya miezi 20 hivi, kati ya 1926 na 1930. Kitabu kikatoka Oxford mwaka 1937, zaidi ya kurasa 500. Kuna toleo lililofupishwa na Eva Gillies, la 1976, na kwa msomaji wa mara ya kwanza linatosha. Kilichopunguzwa humo ni sehemu kubwa ya maelezo ya Wazande wenyewe neno kwa neno, na hayo ndiyo utakayoyatamani ukishazama.

Mfano unaonukuliwa kila mahali ni wa ghala. Mchwa wamekula nguzo za ghala la nafaka. Watu wamekaa chini yake kukwepa jua la mchana. Ghala linaanguka, linawaumiza. Wengi husoma hapa wakatoka na wazo kwamba Mzande hajui habari za mchwa. Anazijua vizuri. Anajua pia kwa nini watu wale walikaa kivulini. Anachouliza ni kwa nini mambo hayo mawili yamekutana saa ile, juu ya watu wale. Jibu lake huitwa umbaga, mkuki wa pili. Wawindaji hugawana nyama kati ya aliyechoma kwanza na aliyechoma wa pili. Ndovu akimwua mtu, ndovu ni mkuki wa kwanza, mangu wa pili. Na hoja hiyo ina mipaka yake: mzinzi, mwongo na mwizi hawawezi kujitetea kwamba ni mangu iliyowatuma.

Utamu wenyewe, kwa maoni yangu, uko kwenye sura za benge, sumu ya kuulizia mashauri kwa kuku (ya 8 na ya 9 katika toleo fupi). Zisome na kalamu mkononi.

Benge ni unga mwekundu wa mmea utambaao wa msituni, wenye striknini. Wazande wa Sudan waliufuata safari ya siku kadhaa hadi Kongo, ng'ambo ya mto Bomokandi. Anayeuhudumia hushika miiko kwanza: hakai na mwanamke, hali nyama ya ndovu wala samaki, havuti bangi. Unga hukorogwa na maji ukawa mzito, kisha kuku hunyweshwa dozi mbili, tatu au nne kulingana na ukubwa wake. Mwenye shauri huisemesha sumu, si kuku. Kwa ufupi husema hivi: kama fulani ndiye anayemdhuru mke wangu, benge ua kuku, kama siye, mwache.

Kuku mmoja hatoshi. Huja wa pili, na swali hugeuzwa: ikiwa wa kwanza amekufa, sumu huambiwa kwamba kama ilisema kweli imwache huyu. Chora jedwali dogo. Kufa kisha kupona, au kupona kisha kufa: jibu limekubalika. Kufa mara mbili, au kupona mara mbili: hakuna jibu, sumu ina kasoro. Kabla ya hapo benge mpya hujaribiwa. Inayoua kila kuku au isiyoua hata mmoja haifai.

Sasa hesabu, na hesabu hii ni yangu, si ya kitabu. Chukulia kwamba sumu haisikii swali. Ikiwa inaua kuku 9 kati ya 10, mashauri yatakayotoa jibu halali ni 18 tu kwa kila 100. Ikiua nusu ya kuku, majibu halali yanafika 50 kwa 100. Kwa hiyo utaratibu wa kuchuja sumu mbovu, ambao ni makini na wa haki, unabakiza sumu ile ile inayokwenda kama sarafu iliyorushwa. Uangalifu ndio unaolinda kosa. Ndiyo sababu nakereka mtu anapokiita kitabu hiki habari za watu wasiopima mambo.

Na majibu yakigongana je? Wazande wana maelezo tayari. Evans-Pritchard ameorodhesha manane: imechumwa sumu ya aina nyingine, mwiko umevunjwa, mangu imeingilia, wenye msitu wamekasirika, sumu imezeeka, mizimu imekasirika, kuna dawa mbaya, au sumu imechoka kwa kutumiwa. Kila moja lina mantiki, na kila moja linachota nguvu kwenye imani ile ile iliyokuwa mashakani. Aliwauliza pia ingekuwaje kuku akinyweshwa benge bila kuambiwa neno. Swali lilionekana la kipuuzi: nani apoteze benge nzuri hivyo? Kabla hujacheka, piga hesabu ya safari ya Bomokandi na bei ya kuku.

Lakini orodha ya sababu peke yake haielezi kwa nini mambo hayafumuki. Nenda kwenye habari za vifo, karibu na mwisho. Chini ya utawala wa Waingereza hukumu ya benge haikukubaliwa mahakamani, kisasi kikawa cha dawa. Mtu akifa, ndugu zake hufanya dawa ya kisasi. Baadaye jirani mwingine akifa, huuliza benge kama huyo ndiye mwenye mangu aliyepigwa na dawa yao. Benge ikisema ndiyo, wanatua matanga. Wakati huo huo ndugu wa huyo wa pili wanaamini naye ameuawa kwa mangu, nao wanaanza dawa yao. Kila kifo kina maelezo mawili yanayopingana, ila majibu ya benge ni siri ya kila ukoo na ya mwanamfalme anayewatawala. Hakuna baraza ambamo majibu yote huwekwa mezani pamoja. Mgongano upo, ila hauna mahali pa kuonekana.

Ukishafika hapo, sayansi inasomeka vingine. Thomas Kuhn, mwanahistoria wa sayansi, katika kitabu chake cha 1962, anaonyesha kwamba wanasayansi hawaitupi nadharia kwa sababu kipimo kimoja kimekataa. Mfano mzuri ni wa Urbain Le Verrier, mnajimu wa Kifaransa aliyechunguza njia za sayari. Uranusi ilipopotoka njia yake, hakumlaumu Newton. Alisema ipo sayari isiyoonekana inayoivuta, na Neptuni ikaonekana Berlin mwaka 1846. Mwaka 1859 alitumia hoja ile ile kwa Utaridi na kutabiri sayari Vulcan. Vulcan haikuwepo. Upotovu wa njia ya Utaridi uliobaki bila maelezo, mdogo sana, sekunde 43 za pembe kwa karne, ulingoja hadi 1915, Einstein alipoueleza kwa nadharia mpya. Ni mbinu moja. Mara ya kwanza ikaitwa ushindi, mara ya pili ikawa kisingizio, na siku ya kuitumia hakuna aliyeweza kuzitofautisha.

Robin Horton, mwanaanthropolojia aliyelinganisha fikra za Kiafrika na sayansi katika makala yake ya 1967, alitafuta tofauti kwingine: jamii inayojua kwamba zipo nadharia mbadala, na isiyojua. Hoja yake kwamba miungu ya jadi hufanya kazi ya kuunganisha matukio kama atomu zifanyavyo ni nzuri na imedumu. Kasoro ni ulinganisho. Anamweka mwanakijiji wa kawaida upande mmoja na mwanasayansi kama anavyopaswa kuwa upande wa pili. Mwenye shauri la benge angelinganishwa na mgonjwa anayepokea karatasi ya majibu ya maabara, ambaye naye hajawahi kuiona mashine ikikaguliwa.

Kitabu cha kufuatia, nadhani, ni cha Steven Shapin na Simon Schaffer cha 1985, juu ya pampu ya kufyonza hewa ya Robert Boyle, mwanasayansi wa karne ya 17. Boyle aliita mashahidi, akaandika jaribio kwa kirefu ili hata asiyekuwepo alione. Yaani alijenga lile baraza lililokosekana kwa Wazande. Hata hivyo pampu zilivuja. Ili kujua kama pampu iliyojengwa kwingine ni nzima, waliangalia kama inatoa tokeo lililokwisha kudaiwa. Isipotoa, huenda inavuja. Soma kurasa hizo ukiwa umeliweka jedwali la kuku wawili pembeni.