Mchanga wa Mambrui si Matope ya Njoro: Dhana Potofu za Dereva wa Mara ya Kwanza

Dereva aliyejifunzia usukani katika barabara za udongo za Njoro, Molo na Mau Narok wakati wa masika huamini, na si bila sababu, kwamba hakuna njia ya kumshinda. Nami niliamini hivyo nilipoteremka na wenzangu kutoka Nakuru, mwendo wa zaidi ya kilomita 700, hadi vilima vya mchanga vya Mambrui, kaskazini ya Malindi, ng'ambo ya mto Sabaki. Gari lilikwama kabla hatujafika kilima cha kwanza. Injini haikuwa na kosa, na magurudumu yote manne yalikuwa yakisukuma. Kosa lilikuwa katika ujuzi ule ule tuliokuwa tukijivunia.

Dhana ya kwanza, nayo ndiyo mama wa nyingine, ni kwamba gari linaloingia njia mbaya lazima magurudumu yake yajazwe upepo hadi yakaze. Fundi mmoja wa kwetu alitujazia hadi psi 40 (psi ni kipimo cha msukumo wa upepo ndani ya tairi), akatuambia kwamba sasa hatutapata pancha. Ushauri huo una maana katika barabara ya mawe, lakini mchangani gurudumu gumu hukata na kuzama kama kisu. Tairi ambalo lamini linabeba psi 30 hadi 35 hupunguzwa hadi 15 au 18, na alama yake chini hurefuka zaidi kuliko inavyopanuka, hivyo uzito wa gari ukatandazwa juu ya mchanga, kama unavyotandazwa na wayo wa ngamia. Kazi yenyewe ni ya subira: unafungua kifuniko, unabonyeza kisindano cha valvu kwa ncha ya kijiti, unapima, unabonyeza tena, mpaka ubavu wa tairi utokeze kidogo kama shavu la mtu anayetafuna. Chini ya psi 12 kuna hatari ya tairi kuchomoka kwenye rimu gari linapokata kona, kwa hiyo anayekadiria kwa macho bila kipimo anacheza kamari.

Wanaotoka huku juu wana jambo la ziada la kuzingatia. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa ya nje ya pwani ni nzito kuliko yetu. Kwa sababu hiyo, tairi lile lile, likiwa na joto lile lile, litaonyesha karibu psi 3 pungufu likifika Malindi, ingawa joto la lami na la mchana hurudisha sehemu ya upungufu huo. Hesabu iliyofanywa nyumbani basi haitoshi. Pima tena pale pale mchanga unapoanzia.

Dhana ya pili inasema kwamba dawa ya mchanga ni kukanyaga mafuta. Nadhani mbio za magari zimechangia. Tangu Safari Rally iliporudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, sisi wa kaunti ya Nakuru tumeyaona magari yakipasua lile vumbi la Kedong, laini kama unga, ambalo wanamichezo huliita fesh-fesh, na tukadhani kwamba kasi peke yake ndiyo iliyoyavusha. Kweli mchanga unahitaji mwendo usiokatika, wenye gia iliyochaguliwa kabla ya kuingia na si katikati ya mlima, lakini mwendo ni kitu kimoja na gurudumu kuzunguka bure ni kitu kingine. Katika matope yetu gurudumu linalozunguka huweza kujisafisha na hatimaye kugusa udongo mgumu ulio chini. Mchangani hakuna ugumu wa karibu wa kuufikia: kila mzunguko unachimba, mpaka tumbo la gari lilale chini na magurudumu yabaki yakining'inia katika mashimo yao.

Hapo ndipo nilipofika, nikiendelea kukanyaga, mzee mmoja wa Mambrui alipokuja akasimama kando, mikono nyuma. Nilipomwamkia aliitikia, kisha akasema, "Mwanangu, hilo unalizika mwenyewe." Tulichimba kwa sepetu karibu saa nzima. Kumbe ilitosha kuondoa mguu mara tu gari lilipoacha kusonga, kisha kurudi nyuma taratibu juu ya nyayo zetu wenyewe, ambako mchanga ulikuwa umekwisha kushindiliwa. Breki nazo zina lawama yake, kwa kuwa breki ya ghafla husukuma mchanga mbele ya magurudumu na kujenga kizingiti. Afadhali gari liachwe lisimame lenyewe, na ikiwezekana lielekee mteremko.

Wako pia wanaopanda kilima cha mchanga kwa kukikata upande, kama njia ya mlimani inavyozunguka. Hilo laweza kupindua gari. Kilima hupandwa na kushukwa kwa mstari ulionyooka, na karibu na kilele mwendo hupunguzwa, kwa maana upande wa pili unaweza kuwa umeporomoka kwa mwinamo wa nyuzi zipatazo 34. Upande unaopigwa na upepo huwa mgumu zaidi, na ule uliojificha huwa mwororo na mkali. Kwa kuwa pepo za Kusi na Kaskazi hupokezana, njia uliyoiona mwaka jana usiitegemee. Shuka, panda kwa miguu, utazame.

Ndugu zetu wa Kisumu huja na dhana yao, kwamba mchanga uliolowa ukingoni mwa maji ndio salama. Ziwa Victoria halina maji kujaa na kupwa ya kuhesabika, lakini bahari ya Malindi wakati wa bamvua, yaani maji yanapojaa kupita siku nyingine, hupanda zaidi ya mita 3, mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika kama 50. Gari lililokwama pale maji yakijaa haliwangoji wenye kamba. Tena ufuo huo ni mahali pa kutagia kasa, ambao huzika mayai juu kidogo ya mstari wa maji, mahali hasa ambapo dereva angependa kupita. Uliza wenyeji panapopitika, na uepuke mimea inayotambaa, kwa sababu ndiyo inayoushika mchanga.

Kuhusu kuvutana, neno ni moja: kamba isifungwe kwenye kichwa cha chuma cha kuvutia trela. Kikikatika huruka na kuua.

Dhana ya mwisho ilitujia tukiwa tumechoka, kwamba upepo tungeujaza kituo cha mafuta, mjini. Tairi la psi 16 likikimbizwa lamini, ubavu wake hujikunja na kupata joto hadi kupasuka. Tuliunganisha pampu na betri pale pale kando ya barabara, tukangoja tairi baada ya tairi.