Kusaka jeni za ugonjwa wa moyo kwa tofauti za kawaida za vinasaba

Vinasaba vya watu wawili wowote hufanana karibu kote. Vinasaba ni kama maandishi ya herufi nne za kikemikali: A, C, G na T. Penye tofauti, mara nyingi ni herufi moja tu: huyu ana G, yule ana T. Tofauti ikikutwa kwa watu wengi, tuseme zaidi ya mmoja katika mia, huitwa ya kawaida, nayo ndiyo hutumika kutafutia jeni, yaani vipande vya vinasaba vyenye maagizo ya kazi za mwili.

Kazi yenyewe ni ya kuhesabu. Hukusanywa maelfu ya watu ambao mishipa ya moyo imeziba na maelfu wengine wazima, kisha kila mmoja husomwa herufi zake mahali laki kadhaa. Herufi ikizidi upande wa wagonjwa, pana jambo. Ila ukipima mahali pengi hivyo, bahati itakudanganya tu. Ndiyo maana watafiti hawaafiki mpaka uwezekano wa bahati ushuke chini ya 5 kwa milioni 100.

Hata hapo, huenda herufi iliyoonekana haina kosa. Herufi jirani hurithiwa kwa mafungu, kwa hiyo umepata mtaa, nyumba bado. Kwa Waafrika mafungu hayo ni mafupi zaidi, na msako ungekaribia nyumba haraka. Sampuli za Waluhya wa Webuye, Kenya, zimo kwenye ramani za kimataifa za vinasaba, lakini wanaopimwa katika tafiti hizi wengi mno bado ni wenye asili ya Ulaya. Hasara hiyo ni ya wote.

Mwaka 2007 makundi kadhaa ya watafiti, likiwemo la Iceland na la Kanada, yaliangukia mahali pamoja kwenye kromosomu ya 9, mojawapo ya nyuzi zinazobeba vinasaba ndani ya seli. Miongoni mwa wenye asili ya Ulaya, takriban mmoja kati ya watano amerithi herufi ya hatari kwa baba na kwa mama pia. Ajabu yake, kipande hicho hakina jeni ya kutengeneza protini, na hatari yake haipitii kwenye kolesteroli wala presha.

Kromosomu ya 1 ilikuwa na ukarimu zaidi. Mwaka 2010 ilionyeshwa kwamba pale penye G pakiwa na T, protini fulani hupata pa kushika, jeni iitwayo SORT1 huchapa kazi zaidi ndani ya ini, na kolesteroli mbaya hupungua kwenye damu. Kabla ya misako ya namna hii, waliokuwa wakichunguza kolesteroli hawakuwa na habari na SORT1.