Mboga Malindi hazikuanza na sukuma wiki

Tena juzi, kikaoni, mtu mzima kasimama kusema kwamba watu wa Malindi hawakujua mboga mpaka sukuma wiki iliposhuka kutoka bara. Nusu ya ukumbi ikaitikia. Mimi ni bwana shamba, na hili limenichosha.

Ya kale nitayapitia mbio. Duarte Barbosa, Mreno wa mwanzoni mwa karne ya 16, alisifu bustani za Malindi na wingi wa machungwa. Baada ya 1861, Sultani Majid wa Unguja alipoufufua mji, mashamba yaliyolimwa na watumwa yalijaza majahazi mtama na ufuta. Baadaye Wagiriama wa ng'ambo ya mto Sabaki wakauza mahindi mjini, na Waingereza walipowaamuru wahame ukingo wa kaskazini, mwaka 1914 kukawa na vita. Nafaka imeandikwa kwa sababu ilipimwa na kutozwa ushuru. Nani aliwahi kupeleka fungu la mchunga, mboga chungu inayojiotea, forodhani?

Watu wanatafuta matuta ya mboga, wakiyakosa wanasema hakuna. Jamani, mboga imo humo humo kwenye mahindi. Kunde hupandwa katikati ya mistari, majani machanga yakaliwa wiki nyingi kabla ya punje. Na mchunga! Vitabu vyetu vimeuweka kwenye magugu, na kweli mzizi wake hutambaa. Ukate leo, wiki ijayo umechipua. Lakini mtazame mama anavyopalilia: jembe linashuka huku, linashuka kule, mchunga linauruka. Kisha anainama kuchuma, utomvu mweupe ukimnata vidoleni. Nyumbani atauchemsha, amwage maji ya kwanza yenye uchungu, auchanganye na mnavu, atie tui.

Sasa mmea ambao hakuna aliyeupanda, ila kila palizi unaachwa kusudi, umelimwa au haukulimwa? Nikiwa shambani nasema umelimwa. Nikirudi mezani nasitasita, maana kwa kipimo hicho hata mlenda wa njiani utadai shamba. Fomu zetu hazina shaka kama yangu: hazina safu yake, basi konde lililolisha nyumba msimu mzima linasomeka halina mboga.

Nyinyi mnaoapa kwamba kila jani la bibi ni la asili, nanyi punguzeni. Kunde ni ya Afrika, sawa. Muhogo unaotupa kisamvu umetoka Amerika, nyanya na pilipili vilevile, na hata mchicha wa majani mapana unaojaa vibandani asili yake ni huko.

Sukuma wiki ilimweni, mimi mwenyewe naila. Ila kwa joto la huku, vidukari huifikia kabla yenu, na dawa ni pesa. Mchunga hauombi dawa wala hauna mbegu ya kununua dukani. Ukiutaka, chimbua mzizi shambani kwa jirani. Atakushukuru.