Watamu nje ya msimu: wanayoniambia wateja, na ilivyo kweli

Mteja huja ofisini kwangu hapa Nairobi akisema amechoka. Anataka utulivu, bahari, asisikie honi ya matatu kwa siku nne. Nampendekezea Watamu, ule mji wa Pwani karibu na Malindi, mwishoni mwa Mei au mwezi wa Juni, na hapo hapo uso unabadilika: "Si wakati huo kule kumekufa? Tutakaa tukifanya nini?" Nimeulizwa hivyo na wazazi, na maharusi, na wastaafu. Naomba nijibu mara moja kwa urefu.

Kinachopungua miezi hiyo ni wageni. Hoteli kadhaa hufunga kwa ukarabati, Waitaliano wengi wamerudi kwao, na maboti mengi yamevutwa nchi kavu. Mji haujaenda popote. Watamu ilikuwa kijiji cha wavuvi Wabajuni kabla hoteli ya kwanza haijajengwa, na maisha ya kijiji hayangojei ndege kutoka Ulaya. Mahamri na mbaazi za nazi zinauzwa asubuhi, watoto wanaenda shule na madrasa, jioni wazee wako barazani na kahawa yao.

Wanaorudi wakilalamika kwamba hakukuwa na la kufanya nimewahoji, na karibu wote walifanya kosa lile lile: waliipanga siku kwa saa za hoteli. Waliamka saa tatu, wakanywa chai hadi saa nne, wakashuka ufuoni saa sita juani, wakakuta bahari iko mbali, wakarudi kwenye simu zao. Ufuoni siku hupangwa na maji. Katika msimu wa wageni wengi unaweza kulisahau hilo kwa sababu kuna muziki, kuna watu, kuna wa kukushughulisha. Mji ukitulia, maji ndiyo ratiba pekee, na ni ratiba nzuri mno.

Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tunapata bamvua, yaani maji hupwa sana na kujaa sana. Kati ya kupwa na kujaa kuna zaidi ya mita 3, na katika Pwani yetu maji hupwa kabisa yapata saa nne asubuhi na kujaa yapata saa kumi jioni. Juma moja baadaye, wakati wa maji mafu, saa hizo zinageuka: asubuhi yamejaa, alasiri yamepwa, na tofauti ni ndogo. Kwa hiyo kabla ya kuniuliza bei ya chumba, niulize mwezi utakuwaje. Mimi humshauri kila anayetaka kupumzika achague bamvua, na sitaacha kushauri hivyo.

Siku yenyewe inakwenda hivi. Alfajiri unatembea ufuoni maji yakiondoka. Unakula mahamri kijijini. Kufikia saa nne unaweza kutembea kwenye mchanga mbichi hadi karibu na vile vijisiwa vya mawe, ukiwaona wavuvi wa pweza wakipekua mashimo ya mwamba. Vaa viatu vya raba, usikanyage matumbawe yaliyo hai, na maji yakigeuka, geuka nayo. Mchana unakula wali wa nazi na unalala. Usione haya kulala. Ndicho ulichokuja kutafuta. Saa tisa maji yamerudi, unaogelea mpaka uchoke. Siku inayofuata, saa hiyo hiyo, unapanda mtumbwi katika mikoko ya hori la Mida, ambako mtumbwi hupita vizuri maji yakiwa yamejaa. Kila siku maji huchelewa kwa karibu dakika 50, nawe unachelewa nayo. Baada ya siku tatu hutaki tena kujua ni Jumatano au Alhamisi.

Mvua ikinyesha, nenda Gede. Mji ule wa kale wa mawe, uliohamwa karne ya 17 na kuingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2024, umo ndani ya msitu, na miti inakukinga na jua na manyunyu pia. Bila makundi ya watalii unaweza kukaa karibu na msikiti mkuu hata nusu saa peke yako.

Kuhusu hiyo mvua, watu wa Nairobi hudhani anga letu ndilo anga la Kenya nzima. Huku masika hukolea Aprili. Pwani hukolea Mei, na mara nyingi hunyesha usiku na alfajiri, kisha jua likatoka. Mei inanyesha kweli, sitakuficha, hasa wiki za mwanzo. Lakini Juni hupungua, na Julai, sisi tukiwa ndani ya masweta, Pwani iko kwenye hali yake ya upole kuliko miezi yote: joto la mchana ni kama nyuzi 28 na upepo haukomi.

"Ufuo ni mchafu." Hapana. Kusi, ule upepo wa kusini wa miezi hii, hung'oa nyasi za bahari na kuzirundika mchangani, wenyeji wakaziita mwani. Zinanuka kidogo, zinashikilia mchanga usichukuliwe na mawimbi, na zinalisha vidudu ambavyo ndege huja kula. Anayedai hoteli izizoe kwa trekta anadai mchanga wa ufuo uzolewe pia. Kasa nao hutaga Pwani mwaka mzima, wengi zaidi kati ya Machi na Julai, kwa hiyo usiku zima tochi na usimsogelee anayepanda mchangani.

Wengine huogopa maji ya kahawia. Hayo ni ya Malindi zaidi, ni udongo wa mto Sabaki, ambao baadhi ya maji yake hutoka hapa hapa mto Nairobi kupitia Athi. Wakati wa kusi mkondo huusukuma kaskazini, mbali na mji. Wanaoyakuta zaidi mbele ya Malindi ni wale wa kaskazi, yaani msimu ule wa bei kubwa.

Kuogelea kunawezekana kwa sababu mwamba unavunja mawimbi makubwa kabla hayajafika. Nje ya mwamba ni habari nyingine, na mvuvi akikwambia leo usitoke, usibishane naye. Kuzamia kuona matumbawe, subiri Oktoba hadi Machi. Maji ya kusi yana ukungu. Na nyangumi wa nundu hupita kuanzia Julai, kwa hiyo anayewataka asije Mei kisha anilaumu.

Mwisho, bei. Chumba hushuka, na unaweza kujadiliana bila aibu. Samaki hapungui bei. Kusi likivuma, vyombo vidogo vinabaki pwani na kinacholetwa ni kidogo, kwa hiyo ukikuta changu ghali kuliko Desemba, hujaibiwa. Agiza asubuhi, lipa anachotaka mvuvi, na wasio na haraka wachukue treni hadi Miritini, Mombasa, kisha matatu ya barabara ya Malindi. Shuka Gede, tuktuk za Watamu ziko pale pale njia panda.