Chama Hakigawi Tuzo, na Jaji Hajali Bei ya Taa

Kwa mara nyingine tena nimeulizwa na kijana mhandisi wa umeme, mwenye akili nzuri na kazi nzuri mikononi, ajiunge na chama kipi cha wasanifu wa mwanga ili mradi wake upate tuzo, na kama akishalipa ada ya uanachama tuzo hiyo huchukua muda gani kutoka. Swali hili huniijia kutoka Dar es Salaam, kutoka Nairobi, na hata kwa ndugu zetu tunaoishi nao hapa New York ambao wamefunga taa miaka mingi kuliko mimi. Wote wanaamini jambo moja: kwamba tuzo ni haki ya mwanachama, na kwamba baada ya uanachama kinachobaki ni kuonyesha nani alifunga taa za bei kubwa zaidi. Nimelijibu kwa upole kwa muda mrefu, na leo nalijibu kwa maandishi ili upole uliobaki niutumie kwa wateja.

Nianze na vyama vyenyewe, kwa haraka, maana hapo hapana utata. Illuminating Engineering Society, yaani chama cha uhandisi wa mwanga ambacho sote tunakiita IES, ilianzishwa hapa New York mwaka 1906, wakati balbu za umeme na taa za gesi zilikuwa bado zinagombania mitaa ileile, na rais wake wa kwanza alikuwa mhandisi Louis B. Marks. Chama kina matawi, na tawi la New York lina tuzo zake lenyewe, Lumen Awards, zilizoanza mwaka 1968, mbali na Illumination Awards zinazotolewa na IES kwa ujumla wake. Pembeni kuna International Association of Lighting Designers, au IALD, iliyoanzishwa mwaka 1969 na yenye makao yake Chicago, ambayo imekuwa ikitoa tuzo zake za kimataifa tangu 1983. IES inampokea kila anayeshughulika na mwanga, awe mhandisi, mwenye kiwanda, muuzaji, msanifu majengo au mwanafunzi. IALD, kwa upande wake, ni chama cha wasanifu, na uanachama wake wa kitaaluma haumhusu mtu anayeishi kwa kuuza vifaa. Wenzetu walio kusini mwa Afrika wanayo Illumination Engineering Society of South Africa, kwa hiyo asiniambie mtu kwamba mambo haya ni ya Wazungu peke yao.

Hakuna hata kimoja kati ya vyama hivi kinachokupa leseni. Ukitaka kufunga nyaya utaenda kwa mamlaka ya nishati, EPRA kwa Kenya na EWURA kwa Tanzania, na ukitaka kuitwa mhandisi kwa mujibu wa sheria kuna bodi za usajili wa wahandisi katika nchi zote mbili. Hapa Marekani kuna cheti cha LC (Lighting Certified) cha wataalamu wa mwanga, lakini hicho kinatokana na mtihani wa baraza liitwalo NCQLP, ambayo ni taasisi nyingine kabisa, na mwenye nacho hulazimika kukihuisha kila baada ya miaka mitatu kwa kuonyesha kwamba ameendelea kujifunza. Kadi ya uanachama inaonyesha kwamba umelipa na kwamba una nia, basi. Tena si lazima uwe nayo ndipo uwasilishe mradi: Illumination Awards na tuzo za IALD ziko wazi hata kwa asiye mwanachama, na tofauti unayoweza kuikuta iko kwenye ada ya kuwasilisha.

Sasa utaniuliza kwa nini nalipa ada kila mwaka. Nalipa kwa sababu ya watu. Tawi linaloishi huwa na mihadhara ya jioni, ziara za kuingia kwenye majengo kabla hayajafunguliwa, na kamati ambazo daima zina upungufu wa mikono. Anayekuja kusikiliza mhadhara, akala vitafunio akaondoka, hapati chochote ambacho asingekipata kwenye kitabu. Anayejitolea kupanga viti na kupokea wageni, baada ya muda mfupi anajua ni nani anaweza kumsomea rasimu na kumwambia bila kumwonea haya kwamba ukurasa wa pili hauna maana. Kwa vijana kuna jambo la ziada. Tawi la New York lina Richard Kelly Grant, ruzuku iliyoanzishwa mwaka 1980 kwa ajili ya watu wenye umri usiozidi miaka 35, na inatazama fikra na majaribio ya mtu na mwanga, si ukubwa wa jengo alilolipwa kulisanifu. Ajabu ni kwamba wanaoniuliza kuhusu tuzo kubwa karibu wote wako chini ya umri huo, na hakuna aliyewahi kuniuliza kuhusu ruzuku hiyo.

Huyo Richard Kelly, msanifu wa mwanga ambaye ruzuku ina jina lake, ndiye mfano ninaoutumia kuvunja imani ya pili, ile ya bei. Nenda Park Avenue hapa New York jioni ulitazame jengo la Seagram la mwaka 1958, ambalo Mies van der Rohe na Philip Johnson walilisanifu na Kelly akalishughulikia mwanga. Kuta za mawe ya travertino pale chini zinang'aa toka juu hadi sakafuni bila jicho lako kushughulishwa na taa, na huko juu ukanda wa dari yenye mwanga unazunguka kila ghorofa karibu na vioo, hivyo mnara wote ukiwa mbali unasomeka kama kitu kimoja. Mtu anayesimama pale hasemi taa ni nzuri. Anasema jengo ni zuri. Jaji naye husimama hapohapo. Anatafuta kuona kama uliamua nini kiangaziwe, nini kiachwe gizani na kwa nini, na kama uamuzi huo umetimia. Orodha ya vifaa haimjibu swali hilo hata kama kila kifaa kimetoka Italia.

Utaratibu wenyewe unawashangaza wengi. Katika Illumination Awards na katika tuzo za IALD miradi haishindanishwi. Kila mmoja hupewa alama kwa vigezo vilivyowekwa, na unaofikia kiwango hupata tuzo ya kiwango hicho, ndiyo maana IES ina ngazi zaidi ya moja, kuanzia ya sifa njema hadi ile ya juu kabisa ambayo hutolewa kwa uchache. Kwa hiyo swali la “nimeshindwa na nani” halina jibu: hukushindwa na mtu, ulipungukiwa alama. Pili, majaji wa IES hawatakiwi kujua mradi ni wa nani. Jina lako, jina la ofisi yako na nembo yako havitakiwi kuonekana kwenye maelezo wala kwenye picha, na hata hivyo watu huleta picha zenye nembo kwenye kona, kubwa kuliko mlango wa jengo, halafu wanashangaa wasilisho lao linaporudishwa.

Sasa tufike kwenye maelezo ya mradi, mahali ambapo subira yangu huishia. Nafasi unayopewa ni ndogo, na bado karibu kila rasimu ninayoombwa kuisoma huanza hivi: “Mradi huu umetumia taa za LED za kisasa zenye ubora wa hali ya juu na matumizi madogo ya umeme.” Sentensi hiyo inaweza kuwekwa kwenye duka la viatu, msikiti, uwanja wa ndege au banda la kuku, na haitabadilika neno. Nilisoma moja ya namna hiyo iliyohusu wodi ya wazazi. Nilipomkalisha mwenye mradi na kumuuliza usiku wodini kunatokea nini, alinieleza vizuri kuliko alivyoandika: muuguzi anapita kila baada ya muda kuangalia mama na mtoto, anahitaji kusoma karatasi na kuona rangi ya ngozi ya mtoto, na kila akiwasha taa ya dari wanaamka wote sita, watoto wakalia hadi alfajiri. Yeye alikuwa ameweka mwanga hafifu wa rangi ya joto chini ya vitanda, kwa ajili ya kutembea tu, na taa moja yenye kuonyesha rangi kwa usahihi juu ya meza ya mtoto, yenye swichi yake na kizuizi pembeni ili mwanga usifike kwenye mto wa mama. Taa ya dari ilibaki kwa ajili ya usafi na dharura. Huo ndio usanifu, na katika rasimu yake haukutajwa hata kwa nusu mstari, kwa sababu aliona ni jambo la kawaida mno kuandikwa na kwamba majaji wangetaka kusikia idadi ya lumeni, yaani wingi wa mwanga unaotoka kwenye taa.

Namba zitumike pale zinapobeba hoja. Ukisema umeweka luksi 300 (kipimo cha mwanga unaofika juu ya kitu) mezani hujasema kitu ambacho jaji hakukitarajia. Ukisema uliangaza kuta za ukumbi ili watu waache kulalamika kwamba chumba ni cha giza, ilhali vipimo vya mezani vilikuwa vinatosha tangu mwanzo, umeonyesha kwamba unajua tofauti kati ya mwanga unaopimwa na mwanga unaoonekana. Vivyo hivyo kwenye umeme. Kiwango cha 90.1 cha matumizi ya nishati kwenye majengo, ambacho IES hukitoa pamoja na ASHRAE, chama cha wahandisi wa joto na viyoyozi, kiliruhusu ofisi wati 1.0 kwa futi ya mraba katika toleo la 2004, yaani kama wati 10.8 kwa mita ya mraba, na kufikia toleo la 2019 kilikuwa kimeshuka hadi 0.64, yaani kama wati 6.9, kwa hesabu ya jengo zima. Mtu anayejisifu leo kwamba ofisi yake inatumia wati 10 kwa mita ya mraba anajishitaki mwenyewe.

Na picha. Hapa ndipo miradi mizuri hufia. Kamera haizoei giza kama jicho. Inaachwa wazi sekunde kadhaa, na chumba ulichokisanifu kiwe cha utulivu kinatoka kimefurika mwanga kama ukumbi wa mnada. Mpiga picha wa majengo, kwa nia njema kabisa, huja na taa zake na kuzificha nyuma ya makochi ili kona zisiwe nyeusi, na kwa kufanya hivyo anafuta vivuli ulivyovihangaikia miezi mingi na kuweka mwanga ambao hukuusanifu, halafu wewe unauwasilisha kama wako. Mwingine anaunganisha picha nyingi za viwango tofauti hadi dirisha, sakafu na taa vyote vinaonekana sawasawa, jambo ambalo halijawahi kutokea mbele ya macho ya binadamu. Ukiwa na taa za kelvini 2700, zenye mwanga wa rangi ya joto, karibu na za kelvini 4000, zenye mwanga mweupe zaidi, kamera itachagua upande mmoja na kuufanya mwingine kuwa wa rangi ya chungwa au wa samawati, kisha fundi wa kompyuta ataisahihisha rangi hiyo na kuua wazo lote. Simama nyuma ya mpiga picha. Mwombe picha moja isiyounganishwa kwa kila pembe, hata kama ina kona nyeusi, na ukisharudi jengoni na picha mkononi ulinganishe kwa jicho lako. Ile saa ya machweo ambapo anga ni buluu iliyokolea ni nzuri kwa kalenda, lakini kama kila picha yako imepigwa saa hiyo jaji mwenye uzoefu atajiuliza jengo linafananaje saa nne usiku.

Nikiri mashaka yangu pia. Majaji kwa kawaida hawaendi kwenye jengo. Wanaona picha na maandishi. Mng'aro unaochoma jicho la anayeketi kwenye kiti cha tatu hauonekani kwenye picha, kupepesa kwa taa inapofifishwa hakuonekani, na hakuna anayerudi miaka mitatu baadaye kukuta mtunza jengo amebadilisha balbu za kelvini 2700 kwa zile alizozipata dukani. Darasa lililoangazwa vizuri, ambamo watoto wanasoma bila kichwa kuuma, ni vigumu sana kulipiga picha ya kusisimua, na nimeona kazi ya namna hiyo ikikosa alama huku sebule ya hoteli yenye mapambo ya kioo ikipita. Mpiga picha mzuri ana bei, na ofisi ndogo haina bei hiyo. Kwa hiyo nikiambiwa kwamba tuzo hupima picha, sina hoja ya kutosha ya kukataa; ninachoweza kusema ni kwamba katika miradi niliyoitembelea mwenyewe baada ya kupata tuzo, iliyonisikitisha ni michache kuliko nilivyotegemea.

Mambo mawili ya mwisho ni ya karatasi, na huwaangusha watu kila mwaka. Majina ya wote walioshiriki kwenye mradi yaandikwe kikamilifu pale fomu inapokuwa na nafasi hiyo, pamoja na fundi mkuu aliyekuwa anapanda ngazi saa tano usiku kuelekeza taa moja moja huku wewe ukipiga kelele kutoka chini. Na ruhusa ya mwenye jengo ipatikane kwa maandishi mapema, kwa kuwa wapo wenye benki, wenye hospitali na wenye nyumba binafsi ambao hawataki picha za ndani zitoke, na wana haki hiyo. Kifungu cha ruhusa ya picha kiwekwe kwenye mkataba siku mnayosaini, kabla hujachora chochote, kwa sababu mteja ambaye ameshahamia na ameshalipa hana sababu ya kukujibu haraka, na tarehe ya mwisho ya kuwasilisha haimsubiri.