Wakala wa kura mkutanoni, na jinsi ya kumtengua

Wakala wa kura ni mtu unayempa idhini ya maandishi aingie mkutanoni na kupiga kura kwa niaba yako. Kwa kawaida idhini hiyo hutenguka: ukibadili nia mapema, unaifuta na kura inarudi kwako.

Msilinganishe na uchaguzi wa serikali. Wakala unayemwona kituoni analinda kura za mgombea wake, hampigii mtu kura. Na uchaguzi wa LC1 (baraza la kijiji) nchini Uganda mwaka 2018, watu walipanga mstari nyuma ya mgombea. Nani angekusimamia hapo?

Uganda utaikuta idhini hii zaidi kwenye mikutano mikuu ya kampuni. MTN Uganda ilipouza hisa kwa umma mwaka 2021, watu wa kawaida walinunua kwa simu, na mwanahisa wa Arua hawezi kufunga safari hadi Kampala kila mwaka. Sheria ya Kampuni ya 2012 inamruhusu kutuma mtu, hata asiye mwanahisa.

Fomu yenyewe ni fupi: jina lako, hisa zako, jina la wakala, kisha visanduku vya kukubali au kukataa kila hoja. Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Ukiacha nafasi ya jina wazi, fomu nyingi humpa mwenyekiti wa mkutano. Ukiacha na visanduku, atapiga anavyoona yeye. Kwa maoni yangu, anayesaini fomu tupu amewazawadia wakubwa wa kampuni kura yake. Fomu hutakiwa ifike mapema, mara nyingi saa 48 kabla ya mkutano.

Kutengua kuna njia tatu: kumwandikia katibu wa kampuni kabla mkutano haujaanza, kuwasilisha fomu mpya ndani ya muda, au kwenda mwenyewe na kupiga kura. Kumpigia simu wakala ukamwambia “acha, nimeghairi” hakutoshi, maana kura zinahesabiwa na kampuni. Isipopata taarifa, kura aliyopiga inaweza kubaki halali hata kama mmegombana.

Ipo idhini isiyotenguka, nayo si ya kumpa shemeji. Hutolewa pale wakala ana maslahi yake kwenye hisa, kama mkopeshaji aliyezishika dhamana. Huyo humfuti kwa barua. Unamlipa deni lake kwanza.